Nilikuwa naeka watu ngoma kwa memori kadi pale tao, siku moja nikapata nyimbo za anko wangu ndani na hazina jina

fundi_memori

Wasee habari za jioni. Huu uzi ni mrefu mnivumilie, hii kitu imenikaa kwa roho miaka mingi na sasa naitoa.

Kuanzia 2008 mpaka kitu 2014 nilikuwa na kiti na kompyuta moja kwa mlango wa duka la simu karibu na River Road. Kazi yangu ilikuwa moja tu, unaniletea simu ama memori kadi nakujazia ngoma. Kadi ya GB moja ilikuwa inabeba kama nyimbo 250, ya GB mbili 500, bei soo, ukiongea vizuri hamsini. Wimbo wa dakika nne kwa CD unakula kama MB 40, lakini ukifanywa MP3 inakuwa MB nne hivi, na hiyo hesabu ya Wajerumani wa Fraunhofer, wale waliounda MP3, ndio ilikuwa inanilipia nyumba pale Huruma ingawa wakati huo hata sikuwa nimewahi kuwasikia.

Ngoma nilikuwa natoa wapi? Zingine saiba, nadaunlodi pole pole na dakika zinahesabiwa, zingine websaiti ya Waptrick, zingine CD za kuchomwa. Lakini nyingi zilitoka kwa wateja wenyewe, na hapa ndio watu hawajui. Ukinipa kadi yako nilikuwa kwanza nakopi zako zote ndio nikuwekee zangu. Hiyo ndio ilikuwa stoo. Msee ametoka Kitui na kadi imejaa za Kikamba nabaki nazo, mwingine ametoka Siaya na ohangla nabaki nazo, mama wa Murang'a na nyimbo za kanisa nabaki nazo, mpaka baada ya kama miaka mbili nilikuwa na nyimbo zaidi ya elfu ishirini kwa hadi disiki na sikuwa nimenunua hata moja.

Na niseme ukweli ilikuwa kazi tamu. Kuna dere Mkikuyu alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi kuitisha benga ya Kikamba na hata neno moja la Kikamba hajui, alisikia kwa kibanda yangu akapenda gitaa. Redio haingempatia hiyo, kila redio ilikuwa inacheza za watu wake. Kadi ilikuwa inapita mahali redio haifiki.

Sasa anko wangu, ndugu ya mamangu. Miaka ya themanini alikuwa anapiga gitaa ya solo kwa bendi ya Kikamba, wakatoa santuri kadhaa, baadaye yeye mwenyewe akatoa kaseti mbili. Waliomrekodi walimlipa mara moja tu, pesa ya kununua mbuzi wawili, akasaini karatasi na hakuachiwa kopi. 2011 akaja Nairobi kuona daktari wa macho akapitia kwangu. Alikuwa na simu ya Kichina ya spika kubwa, akaniambia mwanangu niekee za kwetu. Nikafungua folda ya Kikamba nikaanza kumchezea achague. Wa nne akanishika mkono. Akasema, huyo ni mimi.

Nikaangalia skrini. Faili imeandikwa Track 07. Pale pa msanii hakuna kitu. Pale pa albamu kuna jina la websaiti ya kudaunlodi.

Akaniuliza, hii umeuza mara ngapi? Sikuwa na jibu, mimi sikuwa nahesabu nyimbo, nilikuwa nahesabu kadi. Halafu akaniuliza la pili, na hao unawaekea, wanajua ni nani anapiga?

Hilo la pili ndio sijawahi kuliweka chini. Watu wakiongea juu ya kushare ngoma wanaongea doo, na ni kweli doo zilienda. Lakini mimi niliyekuwa pale kwa keyboard nawaambia kitu ya kwanza tulichukua ilikuwa jina, na jina likishaenda hata siku doo zikija hazijui zitagonga mlango gani.

auntie_kaseti

Pole sana kijana wangu na pole kwa anko. Lakini usijibebeshe yote. Mimi na marehemu mzee wangu tuliuza kaseti hapo hapo River Road kabla wewe ujue kompyuta. Wizi haukuja na intaneti. Santuri ilikuwa ngumu kuiba, inataka kiwanda, na hapa Nairobi kiwanda kilikuwa cha kampuni ya Polygram. Kaseti ilipokuja, mtu mwenye redio ya deki mbili ni kiwanda tayari. Unatoa wimbo Ijumaa, Jumatatu uko Machakos stendi na jalada la fotokopi. Ndio hiyo ilimaliza makampuni makubwa hapa, hawakungoja MP3.

Lakini kuna kitu nakubaliana na wewe. Hata yule mwizi wa kaseti alikuwa anaandika jina la mwimbaji kwa jalada, hata kama ni kwa biro, kwa sababu bila jina hawezi kuuza. Mteja anakuja anauliza, uko na Kakai Kilonzo? Uko na Kamaru? Alikuwa anaitisha mtu. Hao wa kadi walikuwa wanaitisha nini?

fundi_memori

Auntie umegonga pale pale. Walikuwa wanaitisha "za Kikamba mia moja". Ama "niekee roho safi hamsini", "niekee za kulia". Wachache sana walikuja na jina la mtu.

dem_wa_saiba

Nimefanya saiba pale Moi Avenue 2005 mpaka 2010, wacha niongeze upande wa huko nje maana yote ilianzia huko.

Napster ilitoka Juni 1999, Shawn Fanning na Sean Parker, vijana tu. Ilikuwa hivi, nyimbo zenyewe ziko kwa kompyuta za watu, Napster inaweka tu orodha ya nani ana nini. Lakini hiyo orodha ilikuwa kwa seva zao, na ndio iliwamaliza kortini. Makampuni ya rekodi yalishtaki Desemba 1999, Metallica na Dr. Dre wakafuata 2000, na Julai 2001 ikazimwa. Waliokuja baadaye wakajifunza wasiwe na orodha ya katikati, Kazaa, LimeWire, kisha BitTorrent. LimeWire yenyewe ilidumu mpaka Oktoba 2010 ndio korti ikaifunga.

Halafu makampuni yakafanya kosa kubwa ya kugeukia wasikilizaji. Kuanzia 2003 mpaka 2008 walishtaki watu wa kawaida zaidi ya 30,000. Katika wa kwanza kulikuwa na msichana wa miaka 12 huko New York, mamake akalipa dola 2,000. Kuna mama wa Minnesota, nyimbo 24 tu, kesi ikaenda ikirudi miaka mingi na mwisho akaambiwa dola 222,000. Hakuna mwanamuziki nimewahi kusikia akisema hizo pesa zilimfikia.

Na mauzo? Marekani ilikuwa dola bilioni 14.6 mwaka 1999, kufika 2014 ni kama 7. Sasa wengine wanasema yote ni kudaunlodi. Wachumi wawili, Oberholzer-Gee na Strumpf, walitoa utafiti 2007 wakasema athari ya kudaunlodi kwa mauzo ni ndogo hata haionekani, mchumi mwingine, Liebowitz, naye akawapinga vikali. Mimi naona wote wanapima CD. Hapa kwetu ni watu wangapi walikuwa wananunua CD ya dukani? Wateja wangu walikuwa wanalipa bob moja kwa dakika na wengine walikuwa wanahesabu hiyo dakika.

prodyusa_eastlando

Na heshima zote kwa mzee lakini kuna upande mwingine lazima usemwe. Sisi wa mtaa bila kushare hatungekuwepo. Unadhani nani angetupeleka redio? Studio kubwa kama Calif na Ogopa walikuwa na milango yao, sisi tulikuwa tunafanya biti kwa kompyuta ya kuunganisha na maiki ya elfu mbili. Ngoma ikiisha usiku asubuhi tunaitupa kwa Bluetooth, kwa fleshi za makanga, kwa watu kama huyu mwenye uzi. Wiki mbili inapigwa Dandora mpaka Rongai. Kundi la Ethic walipotoka Umoja 2018 na wale wote wa gengetone, hiyo rap ya mtaa, waliofuata, barabara ilikuwa imefunguliwa hivyo, ngoma kwanza iende bure, doo utazitafuta kwa shoo.

Kwa hivyo mimi siwezi simama hapa niseme kushare kuliniua. Kulinilea.

fundi_memori

Nakuelewa kabisa na sikupingi bro. Lakini fikiria kitu. Ngoma zenu zilikuwa zinaanza vipi? Mtu anapiga nduru jina la studio kwanza, kisha msanii anajitaja, katikati anajitaja tena, mwisho anataja mtaa. "Ogopa Deejays" ulikuwa unaisikia kabla hujasikia biti. Mimi ningeandika faili Track 07 mara mia na bado mtu angejua ni ya nani, juu jina liko ndani ya sauti na sauti siwezi kufuta. Nyinyi mlikuja wakati mnajua ngoma itasafiri peke yake bila jalada, mkaipatia kitambulisho.

Anko alirekodi wakati jina linaandikwa kwa karatasi ya katikati ya santuri. Alijua karatasi itasafiri na wimbo. Karatasi haikuingia kwa MP3. Iko nafasi ya kuandika hayo yote ndani ya faili, msanii, mwaka, mtunzi, lakini lazima binadamu akae aandike, na huyo binadamu alikuwa mimi na nilikuwa na laini ya watu kumi wanangoja.

prodyusa_eastlando

Sijawahi kuifikiria hivyo. Sisi tulikuwa tunafanya nduru juu ilikuwa stailo. Ni kweli, imetuokoa.

kanga_wa_buru

Kwa mathree ni hivyo hivyo. Miksi inakuja na fleshi, dijei anataja jina lake kila dakika, msanii hatajwi. Nimefanya rauti ya Buru miaka tisa, abiria wakiniuliza hiyo ngoma ni ya nani nawaambia ni ya dijei fulani. Nilikuwa naamini hivyo kabisa.

wakili_mdogo

Naomba niweke mambo ya sheria kwa ufupi yatamsaidia mwenye uzi.

Sheria yetu ya hakimiliki ni ya 2001. Rekodi inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi wenyewe unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hivyo kama mzee alirekodi 1984, rekodi iko chini ya ulinzi mpaka mwisho wa 2034. Hiyo karatasi aliyosaini inaweza kuwa ilichukua haki za rekodi, lakini utunzi ni kitu tofauti, atafute ushauri kabla akubali kwamba aliuza yote.

Marekebisho ya 2019 yaliweka njia ya kuandikia mtoa huduma ya mtandao aondoe kazi yako iliyowekwa bila ruhusa. Marekebisho ya 2022 yakasema kwa nyimbo za mlio wa simu kama Skiza, mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52. Zote nzuri. Lakini zote zinaanza na swali moja, kazi ni yako? Onyesha. MCSK, chama cha kukusanyia watunzi malipo, iko tangu 1983 na pia kwao unaingia na orodha ya nyimbo zako, jina la wimbo, mtunzi, waliopiga. Mwenye uzi amesema kwa lugha yake kitu ambacho mimi nakiona ofisini kila siku.

fundi_memori

Asante sana wakili. Ya kwamba utunzi ni kitu tofauti sikujua, nitamwambia.

mwana_wa_apu

Lakini si hayo yaliisha? Sasa tuko na Boomplay, Spotify iko Kenya tangu Februari 2021, Mdundo ilianzia hapa hapa Nairobi na unadaunlodi bure matangazo yanalipa, mpaka wakaingia soko la hisa Copenhagen 2020. 2023 dunia nzima muziki uliingiza dola bilioni 28.6 na asilimia 67 ni strimingi. Mzee apakie nyimbo zake aanze kulipwa.

fundi_memori

Nilijaribu 2022, wacha nikuambie venye ilienda.

Kwanza nikazitafuta mtandaoni nione kama ziko. Mbili ziko. Moja imepakiwa na mtu simjui, ameandika jina la bendi nyingine kabisa, picha ni ya machweo ya jua. Ya pili imeandikwa "Kamba Benga Old Mix" na iko ndani ya saa nzima ya nyimbo za watu tofauti. Watu wanaandika komenti chini, mmoja amesema alioa na huo wimbo, mwingine anauliza mwimbaji ni nani, anajibiwa jina la mtu aliyekufa zamani. Anko yuko hai, yuko Makueni, ana mbuzi na matatizo ya macho.

Ili niipakie kwa jina lake nikaulizwa rekodi halisi iko wapi. Hakuna. Tepu za studio hatujui zilienda wapi, kaseti zake mwenyewe zililiwa na mchwa. Kopi safi kuliko zote duniani, ile nilikuwa nayo mimi, ni ile niliiba kwa kadi ya mteja. Nisikilizeni vizuri hapo. Kama sikukopi kadi za watu leo hakungekuwa na wimbo wa kudai. Na juu nilikopi nikaandika Track 07, hakuna wa kuudai. Ni mkono mmoja ulifanya yote mbili, na ni huu wangu.

Na hata ukipakia. Spotify tangu 2024 wimbo usipofikisha mara 1,000 kwa mwaka haulipwi kitu. Mzee wa benga ya Kikamba ambaye wasikilizaji wake wako kwa simu za mulika mwizi na kadi ya GB mbili, hiyo elfu moja inatoka wapi? Wasikilizaji anao wengi sana, nimewajazia kadi kwa hii mikono, lakini hawako mahali panahesabiwa.

auntie_kaseti

Umenitoa machozi. Mjukuu wa Kamaru amefanya kazi nzuri, baada ya babu yake kufariki 2018 anatoa zile nyimbo za zamani mtandaoni kwa Bandcamp moja moja, na majina yako pale. Mwenye mjukuu kama huyo ana bahati. Wengine tulizika na nyimbo zao.

dem_wa_saiba

Nakumbuka nilikuwa na kijana anachoma CD, anaandika na maka peni "Mix 14". Mix 14 ilikuwa na watu kumi na nane ndani. Leo hii sijui hata mmoja.

kanga_wa_buru

Fundi, mzee anasemaje sasa? Amekasirika na wewe?

fundi_memori

Hapana, na afadhali angekasirika.

Desemba nilienda ocha na laptopu na ile hadi disiki ya zamani, bado inawaka ingawa inapiga kelele. Tulikaa siku tatu chini ya mwembe. Folda ya Kikamba iko na faili 3,100 na zaidi ya nusu ni Track hii na Track ile. Namchezea sekunde ishirini, anasema hapana, hapana, huyo ni fulani wa Kangundo, hapana, huyo alinidai pesa. Nilikuwa naandika kila jina anasema hata kama si lake. Siku ya kwanza tulipata majina ya watu kama sitini ambao mimi nilikuwa nawauza bila kuwajua.

Zake tulipata kumi na moja. Nne hakukumbuka zilirekodiwa lini, tukapigia aliyekuwa anapiga besi, yuko Athi River, mzee mwenzake. Akachezewa kwa simu, akanyamaza, akasema hiyo ni mwaka wa ile njaa, 1984, juu tulienda studio na miguu kutoka Machakos Airport, ile stendi ya mabasi, mpaka River Road na hatukuwa tumekula, na mpiga ngoma alizimia. Anko alicheka mpaka akavua kofia. Nikaandika 1984. Nikaandika jina la besi. Nikaandika jina la mpiga ngoma ambaye alifariki 1997.

Sasa kila faili iko na jina lake, mwaka, waliopiga na mtunzi. Nimeanza kuwatumia wale wazee waliobaki na watoto wao, na nitapita kwa wakili juu ya karatasi ile ya zamani. Pia nimeanza kuwapigia wateja wangu wa kitambo, wale nambari zao bado ziko, nawaambia wanipe kadi niwabadilishie majina bure. Saba wameleta. Najua saba ni kidogo.

Lakini kuna moja imekosekana na ndio anaitaka kuliko zote. Inaanza na gitaa peke yake, polepole, hakuna ngoma kama nusu dakika hivi, halafu kuna mtu anapiga mluzi. Karibu na mwisho muziki unashuka anaanza kuita wenzake mmoja mmoja, kila mmoja akiitwa anajibu na chombo chake, besi inajibu, rithimu inajibu, ngoma zinajibu. Ni wimbo pekee alitaja wote watano. Watatu wameshakufa.

Kama uko na kadi ya zamani kwa nyumba, simu ya mzazi, fleshi ya mathree, CD imeandikwa Mix, tafadhali fungua usikilize. Haitakuwa na jina. Skiza mluzi.

prodyusa_eastlando

Ikipatikana niletee niisafishe kelele, sitaki kitu.

kanga_wa_buru

Babangu alikuwa dere wa Machakos mpaka 2013. Kabambe yake iko kwa droo na kadi iko ndani, tangu tumzike hakuna mtu ameiwasha. Nikitoka shifti saa nne natafuta chaja.